Mstari Unaongoja Jibu

Nikutegee kimoja. Mali ni yangu, nilipewa kabla sijajua hata kukaa. Kijiji kizima wanaitumia bila kuniomba ruhusa. Wewe peke yako, unayekula nami chungu kimoja, hujaigusa hata siku moja. Ni nini?

Usijibu kwanza. Tazama nje. Kama jua bado liko juu ya majani chai, funga mdomo, maana katika nyumba ninayokusimulia, upande wa Sosiot, vitendawili havitegwi mchana. Anayetega mchana hupotea njia ya kurudi kwake. Watoto wa siku hizi wakiambiwa hivyo hucheka. Kwa Jerusa hakuna aliyecheka.

Jerusa alikuwa mjane, au hakuwa mjane, hakuna aliyejua aseme vipi. Mumewe alitoka nyumbani siku moja, miaka ishirini na minane iliyopita, na hakurudi wala maiti yake haikuonekana. Kila jioni Jerusa alimpakulia sahani yake, akaifunika, na asubuhi akawapa kuku.

Mjukuu wake Nyakerario ndiye aliyekaa naye. Baba yake, Benard, alikuwa kazini Nairobi. Msichana alikuwa amesomea umeme, akamaliza, akakosa kazi, akarudi kwa nyanya. Asubuhi alichuma majani. Mchana alijifungia chumbani na mashine yake.

Mashine yenyewe inaitwa sinthesaiza, lakini usifikirie ile ya kanisani yenye meno meupe na meusi. Hii ilikuwa sanduku la mbao lenye vipande kumi na viwili, kila kipande na kazi yake. Kimoja kinazaa sauti, kingine kinaikata, kingine kinairudisha kama mwangwi wa bondeni. Havisemezani mpaka uviunganishe kwa nyaya fupi, huku na huku, hadi sanduku linafanana na kichwa cha msichana aliyesukwa nusu akatoroka. Vipande vichache Nyakerario aliagiza. Vingi alivichomelea mwenyewe kwa spea alizozikuta kwenye mikebe ya babu yake, maana babu alikuwa fundi wa redio. Hata mbao za sanduku zilikuwa za babu, ubao uliotundikwa barabarani zamani. Ukipiga magoti ukaangalia ubavuni, bado unasoma rangi ya bluu: OKEMWA FUNDI WA REDIO.

Mashine iliimba vizuri jua likiwaka. Ukungu ukishuka, iliongeza kitu ambacho Nyakerario hakukiweka.

Kilikuwa mlio wa chini, kama mwanamume anayezungumza nyuma ya kuta mbili. Maneno husikii, unasikia tu kwamba ni maneno. Na mlio ukianza, huko jikoni Jerusa alikuwa akiweka chini alichoshika, kisu, sufuria, chochote, akatoka nje. Mara ya kwanza aliishia langoni. Mara ya pili Nyakerario alimkuta katikati ya majani, amesimama, kichwa amekiinamisha upande. Mara ya tatu aliletwa na jirani yao Chepchirchir, leso imelowa hadi kiunoni.

"Nyanya yako nimemtoa kwa maji," Chepchirchir alisema, akimkalisha mzee karibu na moto. "Pale chini mtoni, penye kina. Namwuliza, mama, unaenda wapi? Ananiambia nangoja amalize kusema. Nani huyo amalize kusema?"

Jerusa alinyoosha miguu yake kwenye moto. "Wewe Chepchirchir una maneno mengi. Kunywa chai."

"Chai nitakunywa. Lakini siku nyingine sitakuwa pale nikikata nyasi ya ng'ombe."

Basi hofu ikaingia nyumbani na ikapewa kiti. Nyakerario alizima mashine, akaitoa kwenye umeme. Ukungu ulipokuja tena spika ilinyamaza kabisa, na bado Jerusa aliinuka. Msichana alimshika mkono langoni, wakavutana kama watu wanaovuta ndama. Akaelewa kwamba mashine haikuwa inauleta mlio ule. Ilikuwa inauokota tu, na nyanya aliusikia hata bila mashine. Na kitu usichokijua kinaingilia wapi, utakifungia mlango upi? Alitaka akione. Mafundi wana chombo cha kuonea sauti: unaigusisha waya, nayo sauti inajichora kwenye kioo kama mstari, ikipanda na kushuka. Kinaitwa oskiloskopu. Wavivu husema skopu.

Akaenda Kericho mjini. Zilikuwepo dukani, kubwa kama kabati la vyombo, kila moja kwa bei ya ng'ombe wa gredi mwenye mimba. Akarudi Sosiot akamwuliza Zack, fundi wa simu.

"Sista, sauti ni ya kusikia," Zack alisema bila kuinua macho kwenye simu aliyoifumua. "Ukitaka ya kuona, nunua TV."

"Nataka ndogo, Zack. Ya bei ya mtu."

"Ya bei ya mtu, jaribu Soin. Kuna mmoja hapo anatengeneza spika za kanisa."

Wa Soin alikuwa nayo kweli, lakini kioo chake kilikuwa kimekufa. Akamwambia aende Chepilat, amwulize mzee Kiplangat, nyuma ya wauza ndizi. "Yule hatupi kitu," alisema. "Hata kivuli chake cha mwaka jana anacho kwa droo."

Kiplangat alikuwa mzee mkavu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini. Alivuta droo, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha flana. Kilikuwa kidogo, kikubwa kuliko kisahani cha sabuni kwa kidole kimoja tu, na kioo chake kingeweza kufunikwa na kiberiti. Kinatumia betri. Alikinunua kwa mwalimu wa ufundi aliyestaafu.

"Elfu tatu," alisema. "Lakini usinunue kwa macho. Skopu ndogo zinadanganya. Washa. Sasa shika ncha ya waya kwa kidole."

Nyakerario akashika. Mstari uliokuwa umelala ukainuka, ukawa vilima vinene vinavyofanana, kimoja baada ya kingine.

"Hiyo ni nini, mzee?"

"Hiyo ni wewe. Umeme wa ukutani umejaa hewani, na mwili wa mtu unauokota. Mtu ni antena. Toa kidole."

Akatoa. Mstari ukalala.

"Umeona? Hiyo ni nzima. Na ujue hivi: ukiwa mbali na umeme, hakuna waya, hakuna kidole, halafu mstari uinuke, basi kuna mtu mahali." Akacheka kidogo, kisha akashusha ile miwani ya kipajini na kumtazama vizuri. "Hicho kipaji cha uso nakijua. Wewe ni wa Okemwa wa Sosiot?"

"Ni babu yangu. Sikumkuta."

"Okemwa ndiye alinifundisha kushika bisibisi. Alikuwa mtu wa mizaha, akikuona umenuna anakutega kitendawili mpaka ucheke." Kiplangat akaanza kukifunga chombo kwenye kitambaa chake, polepole. "Tulimtafuta siku tatu. Majani yote yale, mpaka msitu wa blugamu. Tulimwita mpaka tukakauka koo. Okemwa, Okemwa, wanaume kwa wanawake, hata watoto wa shule."

"Na nyanya?"

"Jerusa alikuwa mbele yetu. Niliona midomo ikicheza, lakini jina sikulisikia. Nikadhani ni machozi." Akamkabidhi skopu. "Kuna swali chifu alimwuliza, mbele yetu sote. Mumeo alisema nini akitoka? Hakujibu. Amekujibu wewe?"

"Sijawahi kuuliza."

"Uliza," mzee alisema. "Betri ukimaliza kutumia, toa. Zinaoza ndani. Kongoi, asante, mtoto wangu."

Pesa ilikuwa ya bonasi ya majani, na Nyakerario alikuwa ameipangia viatu. Aliitoa bila kuvikumbuka viatu.

Siku ya kwanza jua liliwaka, na skopu haikuonyesha kitu ila vile vilima vinene vya umeme wa nyumba. Siku ya pili, ilipofika saa nane mchana, ukungu ukaanza kupanda kutoka bondeni. Unakuja vile unavyokuja siku zote: kwanza unameza msitu wa blugamu, halafu safu za majani moja moja, halafu choo, halafu zizi. Nyakerario alizima swichi kubwa ya nyumba nzima. Akachomoa nyaya zote za mashine, zikalala mezani kama nywele zilizofumuliwa. Akawasha skopu kwa betri yake, akaning'iniza ncha ya waya hewani juu ya sanduku, haigusi kitu. Akarudi nyuma, akakunja mikono kwapani asije akadanganya kipimo.

Mstari ulilala.

Ukungu ukafika dirishani, ukafuta kioo.

Mstari ukainuka. Havikuwa vilima vya ukutani, vile vinavyofanana kama punje za mahindi. Hivi vilikuwa kimoja kirefu, vifupi vinne, kipumziko, vifupi tena, kisha mporomoko mrefu mwishoni, kama sauti ya mtu inavyoshuka anapomaliza kuuliza. Halafu ukalala. Nyakerario alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Mstari ukainuka tena, vilevile, hatua kwa hatua. Ukalala. Sita tena.

Mlio wa mashine mbovu hauna adabu, unalia tu mpaka uuzime. Hiki kilisema, kikanyamaza, kikangoja. Akasogea karibu, akasema, "Nani?" Mstari haukutikisika. Akasema jina lake mwenyewe. Akasema hodi. Akaimba hata ubeti mmoja wa kanisani. Kilima kirefu, vifupi vinne, kipumziko, mporomoko. Kilikuwa hakimwulizi yeye.

Akasikia kisu kinawekwa chini jikoni.

Alimwahi nyanya mlangoni, lakini safari hii hakumvuta mkono. "Njoo kwanza uone kitu," alimwambia. "Ukiona, ukitaka kwenda, twende wote."

Jerusa akaingia chumbani, mikono bado ina unga. Alikitazama kile kioo kidogo kwa muda. Vidole vyake vikaanza kugonga paja, kidogo sana: pigo refu, manne mafupi, kimya. Akaketi kitandani.

"Umekipata wapi?" aliuliza.

"Skopu? Chepilat."

"Siulizi kidude. Haya maneno."

Nyakerario akapiga magoti mbele yake. "Nyanya, babu alisema nini akitoka?"

Mzee alipangusa unga mikononi, kidole baada ya kidole, vyote kumi. Nje ukungu ulikuwa umeanza kuwa mweusi kwa juu, ule weusi wa mvua ya mawe.

"Ilikuwa siku kama hii," alisema. "Saa tisa. Mvua ya mawe ikakusanyika, kukawa giza, kuku wakapanda kulala. Baba Benard alikuwa anapeleka redio ya mwalimu huko Sosiot, ameifunga kwa nailoni isilowe. Akasimama hapo mlangoni. Akasema, mama Benard, leo mchana umekuwa usiku, naweza kutega nisipotee. Nikamwambia wacha. Yeye huyo, akatega."

Akakitega tena, taratibu, na kioo kikakitega pamoja naye, kilima kwa neno. Mali ni yangu, nilipewa kabla sijajua hata kukaa. Kijiji kizima wanaitumia bila kuniomba ruhusa. Wewe peke yako, unayekula nami chungu kimoja, hujaigusa hata siku moja. Ni nini?

"Nilijua jibu kabla hajafunga mdomo," Jerusa alisema. "Alikuwa ananichokoza. Miaka kumi na minane tumekaa, na mimi nililelewa hivyo, mke hatamki kile kitu. Ni matusi. Ananitega kitu ambacho mdomo wangu hauwezi kukibeba, ili anione nikihangaika. Akasema, umeshindwa, basi nipe mji. Si unajua, aliyeshindwa hutoa mji? Nami nikawa na kiburi. Nikasema sikupi mji, sijashindwa. Nitakujibu ukirudi."

"Halafu?"

"Akaenda akicheka. Mawe yakapiga kidogo tu, robo saa. Jua likatoka, kali, kama hakujatokea kitu. Kuku wakashuka. Ndipo nikajua kwamba haukuwa usiku. Alitega mchana."

Kioo kiliuliza tena. Sita. Kikauliza tena.

"Kwa chifu nikaulizwa anaitwa nani aliyepotea. Nikamsukuma baba yako mbele, akajibu yeye. Kwenye majani watu wote wanaita. Mimi naita Baba Benard, Baba Benard, polepole. Akina Baba Benard ni wangapi kwa haya majani? Mtu amepotea kwa ukungu, anasikia sauti za watu wote, ya kwake haisikii."

"Kwa nini hukumjibu baadaye, nyanya? Hata humu ndani, peke yako."

"Wewe umesoma lakini hujui mchezo. Kitendawili kikijibiwa, mchezo umekwisha. Kila mtu huenda kwake kulala. Nisipojibu, bado ananidai. Anayekudai hurudi." Akakitazama kioo. "Na amekuwa akirudi. Kila mwaka anakaribia kidogo. Sasa amefika mtoni."

"Hapo mtoni ndipo Chepchirchir alikutoa."

"Najua."

"Siku nyingine hatakuwepo."

"Najua, mama," Jerusa alisema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto wa mwingine. "Niliona ni sawa."

Jiwe la kwanza likapiga bati. Halafu la pili, halafu yakaja yote kwa pamoja, na chumba kikawa cheusi. Hakukubaki mwanga ila ule wa kioo, kama kiberiti kimoja. Mstari uliruka, mkubwa kuliko mwanzo, ukigusa juu na chini. Na sasa Nyakerario naye alisikia, bila spika, bila mashine, ndani ya kelele za bati: sauti ya mwanamume anayeuliza kitu kwa furaha, mbali kidogo, karibu na zizi.

Jerusa alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo.

Msichana angeweza kumshika. Alikuwa na nguvu kumshinda. Lakini alifikiria kesho, na keshokutwa, na ukungu wote wa nchi hii ambayo haiishiwi ukungu. Akachukua skopu, akainyanyua mbele ya uso wa nyanya yake.

"Angalia hapa," alisema. "Usiangalie anaposema. Angalia anaponyamaza. Unaona hapa palipolala? Hii ni nafasi yako. Anasema, anakuachia. Anasema, anakuachia. Nimeipima, haijapungua hata kidogo. Miaka ishirini na minane hajakukatiza kauli."

Jerusa alitazama.

"Wewe unasema anarudi," Nyakerario aliendelea. "Mtu anayerudi angekuwa na neno jipya, nyanya. Huyu hajatoka hapo mlangoni. Ulimwambia utamjibu, naye ni mtu wa kungoja. Bado amesimama kwenye mawe na redio ya mwalimu."

Komeo lilikuwa limefunguliwa nusu. Baridi iliingia kupitia ufa, na punje nyeupe za mawe zikabingirika mpaka kwenye miguu ya mzee. Aliziangalia zikiyeyuka.

"Kwenye mawe," alisema.

"Ndiyo."

"Na koti lile jepesi."

Akarudisha komeo. Akarudi kitandani akaketi, akafunga kitambaa chake cha kichwa upya, vizuri, kama anavyofunga siku ya Jumapili. Akakipokea kile chombo kidogo kwa mikono miwili, akakiweka magotini. Ncha ya waya ikabaki imening'inia mbele ya mdomo wake.

Kilima kirefu kikapita. Vifupi vinne. Kipumziko. Vifupi tena, na ule mporomoko mrefu wa mtu anayeuliza. Kisha mstari ukalala, ukangoja.

Moja. Mbili. Tatu.

"Okemwa," Jerusa akasema. "Ni jina lako. Okemwa."